Namna ya kulikuza duka la familia la mbegu na majani ya bustani, Unguja na Pemba

Familia nyingi hapa kwetu zinauza mbegu, na tangu mahoteli yajae kuanzia Nungwi mpaka Jambiani wapo pia wanaouza majani ya kupanda bustani, ila ukipita baada ya miaka duka unalikuta palepale, fremu ileile, mzee ndo anajua kila kitu na watoto wanakuja kusaidia wakitoka skuli. Na sisi kazi yetu ni hii na inaniuma kuona biashara nzuri ya ukoo inadumaa, kwa hiyo naeleza namna ya kuikuza, na cha kwanza kabisa ni hiki: ongeza kitalu kabla hujaongeza fremu. Fremu inakudai kodi kila mwezi umeuza hujauza, kitalu kinazaa hata siku ambayo hajaja mteja.

Chukua hesabu ya majani uone. Mita moja ya mraba ukiikata vipande vya sentimita 5 kwa 5 unapata vipande 400. Ukivipanda kwa nafasi ya sentimita 20 kila upande, mita moja inakula vipande 25, yaani ile mita yako moja imekuwa 16. Vingine vitakufa, basi wewe hesabu 12. Ukianza na mita 20 tu unapata 240, ukizikata zote tena unapata 2,880, hiyo ni zaidi ya nusu eka, na kila mzunguko kama maji yapo ni miezi mitatu minne hivi. Sasa hapa katikati ndo pagumu, mteja anakuja na pesa mkononi, nyumbani kuna harusi, kitalu kinakatwa chote kinabaki kipara na mnaanza upya. Wekeni sharti kwamba robo ya kitalu haiguswi hata aje nani, ile ndo mbegu yenu.

Majani ya kuweka, kwa pwani paspalamu ndo mwenyewe, mana visima vingi vya pwani maji yake yana chumvichumvi na paspalamu inavumilia, lakini wiki za mwanzo mpaka ishike mizizi mpe mteja wako sharti la maji matamu. Ukoka wa kawaida ni mgumu, unapenda jua kali, chini ya miembe utakufa, huko peleka yale ya majani mapana yanayovumilia kivuli. Kitalu chenyewe kiweke kwenye udongo wa kinongo au kichanga, maweni hayakatiki kapeti, yaani majani yanayobanduliwa pamoja na udongo wake, hata ufanyeje. Na mchanga wa ufukweni usiutie kabisa, una chumvi na chokaa, majani yanageuka manjano halafu unasingiziwa umeuza majani mabovu.

Ndago, lile gugu sugu, niizungumzie kwa kirefu kwa sababu hii ndo inayoua jina la duka. Hoteli ikitandikiwa kapeti lako leo na baada ya mwezi ndago imetoka katikati ya bustani, hutoitwa tena na jirani yake hatokuita. Ndago ukiivuta linakuja jani, kile kidude cheusi kinabaki chini, na vidude vile vimefuatana kwa kimzizi kama ushanga kwenye uzi, ukikikata kimoja na jembe ndo umewagawa. Kwa hiyo kabla hujapanda kitalu lima, mwagilia maji kama wiki tatu bila ya kupanda kitu, waache ndago watoke wote, halafu chimba kwa uma, fuata kimzizi kwa mkono mpaka mwisho wake, usipige jembe. Rudia mara ya pili. Kama una nafasi ya kusubiri, geuza udongo wakati wa kaskazi jua likiwa kali, vile vidude vikikaukia juu vinakufa. Na jembe lililotoka shamba la mtu lioshwe kabla halijaingia kwako, hata kama ni la ami yako.

Upande wa mbegu adui yetu ni joto na unyevu, na hapa visiwani tunavyo vyote viwili mwaka mzima. Mbegu ikiwa kwenye rafu chini ya bati, kopo limefunguliwa, inauzwa kwa kifuniko cha soda mpaka iishe, basi zile za mwisho mkulima anamwaga kitaluni hazioti, na kitunguu ndo kinachowahi kufa kuliko zote. Acheni kuuza kwa kifuniko. Nunueni paketi ndogondogo zilizofungwa na kiwanda, zina tarehe na namba, mkulima akija kulalamika mnajua ni mzigo upi. Stoki ikae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, ndani tia kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa ukakauka ukapoa, ule unanyonya unyevu. Ukiweka kwenye friji ni vizuri zaidi, ila ukitoa usifungue hapohapo, iache mpaka joto lake lilingane na la chumba, mana ukiifungua baridi inatoa jasho na mbegu zinalowa.

Na kabla ya msimu pima. Hesabu mbegu 100, zipange kwenye kitambaa kibichi mistari kumi ya kumi kumi, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka kivulini, hakikisha hakikauki. Tungule baada ya siku 10 uwe umeshajua, pilipili mpe wiki mbili. Zikiota 85 uza kwa raha zako. Zikishuka chini ya 70 usiuze, hata kama mzigo uliununua kwa pesa nyingi. Andika matokeo kwenye karatasi ubandike dukani watu waone. Wakulima wanasoma, na wanaambiana. Mbegu za F1, yaani chotara, mwambie mteja mapema kwamba akijiwekea za kupanda mwakani hazitotoka sawa na hizi, asije akadhani umemdanganya. Na mzigo unaotoka bara au nje upitishe kwa watu wa karantini ya mimea, usiufiche kwenye mabegi, ugonjwa mmoja ukiingia unaumiza shamba zima la wateja wako.

Kalenda ndo inayofanya hizi biashara mbili zikae pamoja. Aprili na Mei wageni wanapungua, mahoteli mengi yanafanya matengenezo na masika inanyesha, kapeti linashika bila ya bili kubwa ya maji, kwa hiyo kitalu kiwe kimekomaa ifikapo Machi. Masika ikiondoka, kipupwe ndo wakati mzuri wa mboga na mbegu zinatoka. Halafu kuna Ramadhani, na hii inahama, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Ya 2027 inatarajiwa mwanzoni mwa Februari. Tungule kutoka mbegu mpaka kuvuna ni miezi mitatu na nusu hivi, mkulima anayetaka kuiwahi Ramadhani atie mbegu Oktoba, basi wewe mzigo uwe ndani Septemba. Mwenye duka asiyepiga hesabu hii anakuja kuleta mbegu wakati wenzake wanavuna.

Kazi za hoteli: nenda kapime mwenyewe kwa tepu, usikubali kipimo cha kwenye simu. Chukua nusu ya pesa kabla hujakata hata mita moja, mana majani yakishakatwa hayarudi, na malipo ya baadae yanaweza kuchukua miezi. Kwenye makubaliano iandikwe nani anamwagilia na kwa maji gani. Kitalu mwagilia jana yake, kata asubuhi mapema, na tandika siku hiyohiyo. Kapeti likirundikwa kwenye gari tia mkono katikati uone, linapata joto mpaka majani yanaiva. Na usiishie kutandika, waombe mkataba wa kukata na kutunza kila mwezi, pesa ile ndogo ya kila mwezi ndo itakayolipa mishahara kipindi ambacho hakuna oda.

Kwenye mishahara sasa. Kila mtu wa nyumbani anaefanya kazi alipwe, na bi mkubwa anaekaa dukani asubuhi naye alipwe, halafu asichukue mtu kitu bila kuandika. Shangazi akitaka mbegu za mchicha apewe, lakini ziandikwe zimetolewa kwa nani. Mara moja kwa mwaka fungeni duka siku nzima mhesabu mali yote, kwani zaka ya biashara asilimia 2.5 inataka mujue thamani ya bidhaa mlizonazo, na hesabu hiyohiyo ndo benki itakuulizeni siku mkitaka mkopo wa pampu au gari.

Jambo ambalo familia zinaona haya kulizungumza ni mirathi. Kila kitu kikiwa kwa jina la mzee, siku akiondoka warithi wana haki yao na kitalu kinaingia kwenye mafungu pamoja na nyumba na ng'ombe. Muda huu mzee akiwa hai na ana nguvu zake kaeni, sajilini biashara BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar, kama kampuni, kila mmoja ajulikane ana hisa ngapi, na mumuulize kadhi mapema. Ardhi nayo ni hivyohivyo. Kama kitalu kipo kwenye eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi, wale binamu waliopo mjini nao wana sauti, basi biashara ikodi lile eneo kwa maandishi, walipwe chochote kila mwaka, na sheha awe na nakala.

Mkifika hapo ndo muifikirie Pemba. Usisafirishe kapeti, mita moja yenye udongo mbichi inafika kilo 20 na zaidi, bustani ya mita 500 ni tani 10, faida yote inaliwa na meli na mahamali. Peleka vijiti vya majani vya kupanda. Vikung'ute udongo mpaka mizizi iwe mitupu, hapo na ndago humbebi, vitie kwenye polo lililoloweshwa, vifunikwe visipigwe na upepo. Pemba mvua ni nyingi kuliko Unguja na kitalu kinajaa haraka, kinachotakiwa ni ndugu mmoja Wete au Chake anaejua kazi. Mpigie simu kabla polo halijapandishwa melini umuulize kama mistari ameshaichimba na ameshaitia maji, na akikwambia bado, ahirisha mpaka safari ya pili.