Kupima mishahara ya wahariri wa sayansi bila kupotosha

Dodoso liwe fupi: cheo, miaka kazini, saa kwa wiki, jinsia, umri, elimu na mshahara wa mwezi kabla ya makato. Ukiuliza tu "unalipwa kiasi gani?", mmoja ataandika wa mwaka, mwingine kilichobaki baada ya kodi, na takwimu zote zitaharibika.

Wasiofanya kazi muda wote walinganishe kwa saa: shilingi 700,000 kwa saa 20 za wiki ni sawa na 1,400,000 kwa saa 40. Wahariri wa kujitegemea waweke kando kabisa, maana bima na likizo wanajigharamia.

Tumia mediani, yaani mshahara ulio katikati ukiipanga yote kuanzia mdogo hadi mkubwa, si wastani. Watano wakipata 900,000, 1,000,000, 1,100,000, 1,300,000 na 4,200,000, wastani ni 1,700,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja anayekipokea. Mediani ni 1,100,000.

Pengo la jinsia lipime mara mbili: kwa jumla, kisha ndani ya cheo kimoja. Ukiishia kwenye cheo, wanawake walionyimwa kupandishwa hawataonekana, na mara nyingi dhuluma iko hapo hapo. Kundi la watu chini ya watano usilichapishe, wenzao watawatambua.