Usiache chapati kabla ya kupimwa: kuishi na seliaki ughaibuni

Ukihisi ngano inakuumiza, jambo la kwanza si kuacha ngano. Jambo la kwanza ni kupimwa, na kupimwa huku bado unakula chapati, mkate na maandazi kama kawaida. Kipimo cha damu cha seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni (protini iliyomo kwenye ngano), hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa gluteni inapoingia tumboni. Ukikaa miezi bila ngano, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na jibu linarudi kwamba huna kitu. Mwongozo rasmi wa Uingereza unataka mtu awe amekula vyakula vyenye gluteni katika mlo zaidi ya mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kipimo. Walioacha kwa ushauri wa marafiki au wa mitandao huambiwa wairudie ngano, na kwa aliyeanza kupata nafuu hayo ni mateso.

Kwa daktari usiombe "kipimo cha mzio". Seliaki si mzio. Ni mwili kujishambulia wenyewe: gluteni ya ngano, shayiri au rai (rye) ikiingia, kinga ya mwili huharibu vijinyweleo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza chakula. Sema hivi: naomba tTG-IgA, kipimo cha kingamwili za seliaki, pamoja na kiwango cha IgA, aina ya kingamwili, kwa jumla. Hicho cha pili kina sababu yake, kwani mtu ambaye mwili wake hautengenezi IgA ya kutosha anaweza kuambiwa hana seliaki wakati anayo. Damu ikionyesha dalili, mara nyingi hufuata kamera inayopitishwa mdomoni na kuchukua vipande vidogo vya utumbo. Endelea kula ngano mpaka hapo.

Kung'ang'ania kipimo ni muhimu kwa watu wetu, kwa sababu seliaki huvaa sura ya magonjwa tuliyoyazoea. Tumbo kujaa na kuharisha tunaita amiba. Maumivu tunaita vidonda vya tumbo. Mtoto asiyekua tunampa dawa ya minyoo. Kuna na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, uchovu, mifupa dhaifu, upele unaowasha kwenye viwiko na magoti. Wapo madaktari wanaodhani huu ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta watoto wa Kisahrawi, Waafrika wa Sahara Magharibi, wakiwa na seliaki kwa kiwango cha juu kuliko kawaida ya Ulaya: zaidi ya watoto 5 katika kila 100, ilhali Ulaya ni kama mtu 1 katika 100.

Ukishathibitishwa, dawa ni moja: kuacha gluteni maisha yote. Hakuna "kidogo tu" wala "siku ya Idi tu".

Wengi hukimbilia rafu ya vyakula maalumu dukani, penye kijimkate kidogo kikavu ambacho bei yake inakufanya umkumbuke mama na muhogo wake wa kuchemsha. Mimi naona hiyo rafu si ya kwetu sana. Mtaliano akinyimwa ngano amenyimwa chakula chake. Sisi ngano ni mgeni aliyezoea kukaa. Ugali wa mahindi, wa mtama, wa muhogo, wali, ndizi za kupika, viazi vitamu, magimbi, maharage, kunde, mbaazi, choroko, kisamvu, samaki wa kupaka, mtori, uji wa ulezi: vyote hivyo kwa asili yake havina gluteni. Mkate wa kumimina na vitumbua ni mchele na nazi, alimradi mpishi hakuongeza kijiko cha unga wa ngano ili vishikane, maana wapo wanaofanya hivyo. Shida haiko kwenye chakula chetu. Iko kwenye vile tunavyovitumia mahali pake tukiwa mbali.

Chukua ugali. Mahali pasipo na sembe, watu husongea walichokipata, na mara nyingi ni semolina. Inapendeza, inashikana, na ni ngano tupu. Wageni wakikukaribisha "ugali" Birmingham au Brussels, uliza umesongwa kwa unga gani, na omba kuuona mfuko. Katika nchi za Kifaransa neno semoule peke yake halitoshi: semoule de maïs ni mahindi, semoule de blé ni ngano. Fufu ya muhogo ni salama, ila wapo wanaoichanganya na semoule ili iwe laini.

Marekani mtego uko pengine. Kwenye rafu ya unga wa mahindi mifuko inafanana, rangi ileile ya njano, picha ileile ya hindi. Mmoja umeandikwa cornmeal tu. Wa jirani yake umeandikwa self-rising cornmeal mix, na ukigeuza nyuma unakuta unga wa ngano umo, pamoja na hamira ya unga. Unga wa cornbread nao ni hivyohivyo. Geuza mfuko kila mara, hata ule uliouzoea, kwa sababu viwanda hubadilisha mchanganyiko bila kupiga mbiu.

Duka la Wahindi litakuwa rafiki yako mkubwa, ukiyajua majina. Ragi ni ulezi. Jowar ni mtama. Bajra ni uwele. Besan ni unga wa dengu. Hao ni wako. Atta, maida, sooji, rava, dalia na seviyan, yaani tambi zetu, vyote kwa kawaida ni ngano. Hing (asafetida, kiungo chenye harufu kali) ya unga mara nyingi imechanganywa na ngano, na watu huitia kwenye dengu bila kufikiri. Lakini unga wa besan au ragi unaweza kuwa umesagwa kwenye mashine ileile ya atta, kwa hiyo tafuta mfuko ulioandikwa gluten free. Nafaka nzima unaweza kuichagua, kuiosha na kuisaga mwenyewe kwa mashine ndogo ya nyumbani.

Kwa Waethiopia, injera, ule mkate wao laini, ikiwa ya teff safi (nafaka ndogo ya kwao) haina gluteni, ila mikahawa mingi ya nje huchanganya teff na unga wa ngano au shayiri. Uliza kama ni teff asilimia 100. Anjera ya Wasomali kwa kawaida ina ngano.

Lebo zina sheria zake. Ulaya, Uingereza na Marekani, kilichoandikwa hakina gluteni lazima kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Uingereza na Ulaya, ngano, shayiri, rai na oti lazima vitajwe kwa majina na viandikwe kwa herufi zinazojitokeza kwenye orodha ya viambato. Marekani sheria ya mwaka 2004 inalazimisha kutaja ngano, lakini shayiri hailazimishwi hivyo, kwa hiyo macho yako yatafute pia malt, kimea cha shayiri. Ndicho kinachoharibu konifleksi nyingi, na vile vinywaji vya kimea na kakao tulivyolelewa navyo. Bia ya kawaida ni shayiri. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Maneno wheat free hayatoshi, maana shayiri na rai zinaweza kuwemo. Ujerumani ukiona Weizen, Dinkel, Gerste au Roggen, rudisha. Sweden neno korn ni shayiri, si mahindi, na limewachanganya wengi. Oti ni hadithi yake: nyingi zimechanganyika na ngano shambani au kiwandani, kwa hiyo chukua zilizoandikwa hazina gluteni, na uanze nazo kwa ushauri wa mtaalamu wa lishe.

Halafu kuna unga unaoletwa na shangazi kwenye begi. Unga wa lishe wa nyumbani mara nyingi una mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, na ngano. Tena umesagwa mashineni palipotangulia gunia la mtu mwingine. Mshukuru shangazi, umpe mwingine auonje, na safari ijayo umwombe akuletee ulezi mzima, dagaa na kisamvu kilichokaushwa.

Jikoni, adui ni vumbi. Mtu akisukuma chapati, unga hupaa, hutua kwenye sufuria ya wali iliyo wazi, kwenye taulo, kwenye mkono utakaokupakulia. Gluteni haifi kwa moto, wala haiondoki kwa kupanguswa juujuu. Inataka maji na sabuni. Kama mnaishi wengi na ngano haiwezi kutoka nyumbani, chapati zipikwe chakula chako kikiwa kimeshafunikwa na kuwekwa mbali. Uwe na mwiko wako, chujio lako, kibao chako na kikaangio chako. Mwiko wa mbao na chujio ni vigumu kusafisha mpaka mwisho. Tosta usishiriki kabisa. Siagi na jemu uwe na chombo chako chenye jina, kwa sababu kisu kilichopita kwenye mkate huacha makombo. Na mafuta yaliyokaanga maandazi au sambusa yakikaanga viazi, viazi hivyo si vyako tena. Bajia za dengu zinazotoka kwenye karai hilo ni vivyo hivyo.

Kazi ngumu kuliko zote ni watu. Kwetu kukataa chakula ni karibu na kumkataa mwenyeji, na utasikia "onja tu, mbona zamani ulikuwa unakula?" Usianze kueleza kingamwili mezani. Mpigie mwenye shughuli siku mbili kabla: "Dada, mimi daktari amenikataza ngano kabisa, hata chembe. Nitakula wali na mchuzi, naomba nipakuliwe wa kwanza kabla miiko haijachanganyika." Kupakuliwa wa kwanza ndiyo siri yenyewe. Uliza kuhusu viungo vya mchuzi vya paketi, maana vingine vimekolezwa kwa unga wa ngano. Kwenye futari, tende, muhogo wa nazi na ndizi mbivu vitakutosha. Boko boko ni ngano na nyama, na harees ya Oman na Ghuba ni ileile. Halua uliza imepikwa kwa wanga gani.

Wakatoliki, zungumzeni na paroko mapema. Barua ya Vatican ya mwaka 2017 ilirudia kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa hairuhusiwi, bali ile yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa. Na unaweza kupokea divai peke yake. Kikombe chako kiwe tofauti, kwa kuwa kwenye kikombe cha padri hudondoshwa kipande cha hostia ya kawaida.

Ukienda nyumbani likizo, utakula vizuri kuliko ughaibuni, ila usitegemee neno gluteni. Nyama choma na ugali, samaki wa kuchoma, mchemsho, matoke, wali wa nazi: hapo umefika. Jihadhari na urojo, kwa sababu supu yake huungwa kwa unga wa ngano. Jihadhari pia na viazi karai, katlesi, na samaki wa kukaanga aliyepakwa unga. Kumwambia mpishi "sili ngano" hakutoshi, maana atakuondolea chapati na kukuletea tambi. Mwandikie kwenye simu: "Nina ugonjwa wa tumbo. Siwezi kula unga wa ngano, chapati, mkate, maandazi, tambi, semolina, shayiri wala sosi ya soya. Hata unga kidogo kwenye mchuzi au kwenye mafuta ya kukaangia utaniumiza. Je, chakula hiki kina chochote kati ya hivyo?" Mwonyeshe anayepika, si anayeleta sahani.

Baada ya miezi 6 hivi daktari arudie kipimo cha damu aone kama kingamwili zinashuka. Mwombe aangalie pia madini ya chuma, B12, foleti na vitamini D, maana ngozi nyeusi kwenye nchi za jua hafifu huwa na upungufu wa vitamini D hata bila seliaki. Maziwa yakikusumbua miezi ya mwanzo, yapumzishe. Utumbo ulioharibika huyashindwa kwa muda, ingawa wengi wetu hatuyamudu maisha yote. Na wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wako wapimwe, hata kama hawaumwi chochote, kwani kwao uwezekano ni kama mtu 1 katika 10. Wapigie simu huko nyumbani, na uwaambie wasiache chapati kwanza.