Jinsi ya Kupatana na Ndugu wa Tumbo Moja Mliyekosana Naye

Katika miaka niliyotumika kama mzee wa kanisa hapa Busia, upande wa Uganda, nimezoea kuwatambua msibani ndugu waliokosana hata kabla sijaambiwa. Mmoja husimama upande wa kichwani mwa kaburi na mwingine upande wa miguuni, kila mmoja amezungukwa na watu wake, na rambirambi zimeandikwa katika madaftari mawili. Wengi wao ni waumini wanaosali Sala ya Bwana kila Jumapili, na ukiwauliza, kila mmoja atakuambia kwamba yeye alikwisha kusamehe zamani. Sidhani kwamba wanadanganya. Neno hilo moja, kusamehe, tumelibebesha mizigo mitatu: kuachilia kisasi, kumwamini tena aliyekukosea, na kurudi kuishi naye kama zamani. Mzigo wa kwanza unaweza kuutua usiku wa leo, ukiwa peke yako. Wa pili unahitaji watu wawili na miezi mingi, na wa tatu huenda usiwezekane kabisa, jambo ambalo Biblia yenyewe haioni aibu kulionyesha.

Siandiki kama mtu aliyetazama kwa mbali. Baba yetu alipofariki, kaka yangu mkubwa aliuza mabati na milango ya nyumba ya nyuma, kisha akapangisha kiwanja cha barabarani bila kumwambia mtu yeyote kati yetu, na mimi nikasimama mbele ya waombolezaji nikasema kwamba amekula mali ya yatima. Tulikaa miaka sita bila kusalimiana.

Anza na daftari

Kabla ya kumtafuta ndugu yako, chukua daftari uandike kilichotokea, usizidi ukurasa mmoja. Andika matendo, wala si tabia. "Aliuza ng'ombe wawili wa mama mwezi mmoja baada ya mazishi" ni jambo linaloweza kujibiwa, kuthibitishwa au kulipwa. "Amenidharau tangu utotoni" huenda ni kweli, na huenda ndilo linalouma zaidi, lakini hakuna binadamu anayeweza kulijibu katika kikao kimoja, na ukianza nalo kikao kitavunjika kabla chai haijapoa.

Kisha geuza ukurasa uandike uliyoyatenda wewe. Watu wengi niliowapa kazi hii hurudi na upande wa kwanza umejaa na upande wa pili una mistari miwili. Mimi nilirudi na mmoja, na ilinichukua wiki mbili kuongeza wa pili: kwamba kwa miaka yote baba alipokuwa mgonjwa, kaka ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali, nami nilikuwa nikituma salamu.

Daftari likiwa mbele yako, omba. Waumini wamebishana sana kama msamaha hutolewa kabla ya toba au baada yake, kwa kuwa katika Luka 17 Yesu anasema ndugu akitubu msamehe, na katika Marko 11 anasema msimamapo kusali sameheni, bila kutaja toba ya mtu yeyote. Kwa maoni yangu maneno hayo mawili hayapingani. Mbele za Mungu unaachilia haki ya kulipiza kisasi, na hilo halimngojei mkosaji. Mbele ya ndugu yako, msamaha unakamilika siku anapokiri naye akaupokea.

Lipo jambo moja linalosahauliwa mara kwa mara. Katika mfano wa mtumwa wa Mathayo 18 bwana anafuta deni lote, na ni kweli kwamba nawe waweza kufuta deni unalodai. Lakini unaweza kufuta lililo lako tu. Fungu la mama mjane, au la watoto wa dada yenu aliyefariki, halisamehewi na wewe, hata ukiwa na roho nyeupe kiasi gani. Katika daftari lako tenganisha madai hayo kwa mstari.

Usitangulie kutoa ushuhuda

Sisi wa Uganda tumelelewa katika kivuli cha Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa Balokole, yaani waliookoka, uliotoka Gahini, Rwanda, ukaenea kwetu katika miaka ya 1930. Uamsho huo ulitufundisha kukiri dhambi hadharani na kutembea nuruni, nao umeponya nyumba nyingi. Hata hivyo umetuachia mtego. Mwaka wa tatu wa ugomvi wetu nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa kuniwezesha kumsamehe kaka aliyeniibia. Watu walipiga makofi. Jioni ile ile habari ilimfikia kaka, na alichosikia yeye ni kwamba ameitwa mwizi mbele ya usharika mzima, safari hii kwa kipaza sauti. Alikuwa na haki ya kukasirika. Kiri dhambi zako hadharani ukipenda. Za ndugu yako azikiri yeye mwenyewe.

Kumfikia

Katika Mathayo 5 anayetakiwa kuiacha sadaka madhabahuni na kwenda ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake, yaani mkosaji. Katika Mathayo 18 anayetakiwa kwenda ni aliyekosewa. Kwa hiyo swali la nani aanze, ambalo limechelewesha familia nyingi kwa miaka, halina nafasi: vyovyote ulivyo, safari ni yako. Umri pia usiwe kisingizio. Najua kwamba kwetu mdogo ndiye huenda kwa mkubwa, lakini nimeona wakubwa wakiingojea heshima hiyo mpaka wakazikwa nayo.

Usitumie kundi la WhatsApp la familia, wala usitume ujumbe wa sauti wa dakika saba. Piga simu, au mtume mtu mmoja anayeaminiwa na nyote wawili akuombee nafasi ya kupiga. Sema kosa lako moja, la hakika, bila "kama", kwa sababu "kama nilikukosea" humtupia mwenzako kazi ya kuthibitisha. Mimi nilisema hivi, na nilikuwa nimeyaandika: "Kaka, nilikosa kusema yale maneno msibani mbele ya watu. Hapakuwa mahali pake, na sikuwa na haki ya kukuaibisha. Naomba unisamehe. Habari ya kiwanja tutaizungumza siku utakayotaka wewe. Leo nimepiga kwa hilo moja tu." Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza kama mvua imenyesha Busia. Nikamjibu kwamba imenyesha, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote ya siku hiyo, nami sikumsukuma zaidi.

Kikao

Kikao kisifanyike nyumbani kwa mmoja wenu, wala kwenye ardhi mnayoigombania. Kwa shangazi ni pazuri, kwa sababu shangazi anaweza kuwanyamazisha wote wawili. Wake na waume wabaki nyumbani mara ya kwanza. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune. Shemeji au wifi aliyekubebea maneno makali kwa miaka mitano atajikuta mpweke mkipatana, na bila kukusudia anaweza kuwarudisha nyuma.

Niliwahi kukaa na dada wawili kutoka Tororo ambao hawakuwa wamezungumza tangu mama yao aage dunia. Mkubwa alileta daftari la shule lenye jalada lililochanika, akalisukuma mezani bila neno. Mdogo akasoma akifuata mistari kwa kidole: usafiri, vipimo, damu, chakula cha mgonjwa. Kidole kikasimama kwenye mstari ulioandikwa dawa, shilingi 340,000, na tarehe ya wiki ambayo yeye alikuwa akilalamika kwamba dada yake amekataa kuchangia harusi yake. Akasema, "Hii sikuijua." Sikuhubiri siku ile, na sina hakika kwamba mahubiri yangeongeza chochote. Ninachoshauri ni kuleta karatasi: risiti, makubaliano ya zamani, barua. Kumbukumbu za ndugu wenye uchungu hazikubaliani hata juu ya siku ya wiki.

Mchungaji au padri awepo kama mwombezi, wala asigeuzwe hakimu wa ardhi. Mtu mmoja alimwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi, naye akakataa kazi hiyo, akamuuliza ni nani aliyemweka kuwa mgawanyi juu yao. Kisha akaonya juu ya choyo. Habari hiyo iko katika Luka 12, na ningependa wahubiri wetu waisome kabla ya kushika futi ya kupimia. Mambo ya mipaka yapelekwe kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji au mtaa, na wazee wa ukoo wanaoyajua, na ya mirathi yafuate sheria. Marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022 yanasema kwamba mali ya aliyefariki bila wosia, ikiwa makundi yote manne yapo, hugawanywa hivi: watoto asilimia 75, mjane au mgane asilimia 20, ndugu waliokuwa wakimtegemea marehemu asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Watoto wa kike na wa kiume wana haki sawa. Nimeona vikao vingi vikipoa mara tu hesabu hiyo iliposomwa kwa sauti, kwa kuwa kaka mkubwa alikuwa akiamini kwa dhati kwamba kuwa mrithi wa kimila ni kupewa kila kitu.

Imani inarudi kwa miguu

Sehemu hii ndiyo ambayo makanisa yetu huiruka, yakaenda moja kwa moja kwenye kuku na soda. Tazama jinsi Yusufu alivyofanya. Alipowaona ndugu zake Misri aligeuka kando akalia, kwa hiyo moyo wake haukuwa mgumu. Hata hivyo hakujitambulisha. Alimfunga Simeoni, akadai Benyamini aletwe, akatia kikombe cha fedha katika gunia la yule mdogo, akangoja aone kama watamwacha utumwani kama walivyomwacha yeye. Yuda, yule aliyetoa wazo la kumwuza, aliposimama na kujitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake, ndipo Yusufu aliposhindwa kujizuia. Na hata baada ya machozi hayo na miaka mingi ya kukaa pamoja, baba yao alipokufa ndugu waliogopa kwamba sasa kisasi kitakuja. Msamaha ulikuwa umetolewa tangu zamani, lakini waliosamehewa walikuwa bado hawajauamini.

Ndugu zetu Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wanalijua jambo hili kwa njia yao. Katika mato oput, tambiko lao la upatanisho, pande mbili zilizotengwa na damu iliyomwagika hunywa pamoja dawa chungu ya mti wa oput, lakini kunywa huko huja mwishoni, baada ya ukweli kusemwa na fidia kukubaliwa. Wako wahubiri wasiolitaka tambiko lolote la kimila, na sitaingia katika ubishi huo hapa. Mpangilio wake, angalau, unafanana na wa Zakayo, ambaye alitaja atakacholipa kabla ya kuambiwa kwamba wokovu umefika nyumbani mwake.

Kwa vitendo, kubalianeni juu ya jambo dogo linaloonekana na lenye tarehe. Kaka yangu aliahidi kutuma fungu la kodi ya kiwanja kila tarehe 5, kwa simu, ili kila mmoja abaki na kumbukumbu, nami niliahidi kutozungumzia habari zake na mtu yeyote wa ukoo isipokuwa yeye akiwapo. Msianze na kuweka fedha pamoja, wala kununua ng'ombe wa ubia. Akichelewa mara moja, mpigie umuulize. Akichelewa mara tatu bila neno, punguza unachomkabidhi, bila kurudisha chuki. Kumnyima mlevi funguo za gari si kukosa kumsamehe.

Pasipofaa kikao

Yote niliyoeleza hayamhusu aliyepigwa, aliyetishiwa kuuawa au aliyenajisiwa na ndugu yake. Huyo asiketishwe mezani na aliyemtenda kwa jina la upendo wa Kikristo. Apelekwe kwanza mahali salama na hospitali, na shauri liende polisi, ambako kuna kitengo cha ulinzi wa watoto na familia. Anaweza kusamehe na bado akatoa ushahidi mahakamani. Wazee wa kanisa wanaoombwa "kulimaliza nyumbani" jambo la namna hii wakatae.

Akikataa

Paulo aliwaandikia Warumi wakae kwa amani na watu wote, akatanguliza masharti mawili: ikiwezekana, na kwa upande wao. Ukishafanya ya upande wako, acha mlango bila komeo. Mpelekee habari za ugonjwa na za harusi, salimia watoto wake kwa majina, usimwambie mtu kwamba umemshinda kwa wema.

Hata mkipatana, huenda msikae pamoja. Esau alimkimbilia Yakobo akamkumbatia wakalia, kisha akamwalika waongozane. Yakobo akasema atafuata polepole na watoto na mifugo, halafu akaelekea Sukothi. Hawakuwa majirani tena. Lakini Isaka alipokufa, Mwanzo 35 inasema wanawe Esau na Yakobo walimzika, kama vile Isaka na Ishmaeli walivyomzika Ibrahimu pamoja.

Kaka yangu anakaa Jinja, nami niko hapa. Mama ana miaka 84 na miguu imemvimba. Mwezi uliopita, pamoja na kodi ya tarehe 5, kaka alituma shilingi 50,000 zaidi, na ujumbe kwamba ninunue daftari moja jipya la matibabu ya mama, niandike jina langu na lake kwenye jalada.