Kuhamisha Windows kutoka diski ya GB 500 kwenda SSD ya GB 480 bila kuchanganya vipimo

Wiki iliyopita mwalimu mmoja, jirani yangu, aliniletea kompyuta mpakato yenye diski ya kuzunguka ya GB (gigabaiti) 500 pamoja na SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, mpya ya GB 480, akitaka kila kitu kihame kama kilivyo. Kazi niliyoiahidi kwa jioni moja ilinichukua siku mbili, na kosa halikuwa la diski wala la waya, bali la hesabu yangu mwenyewe. Ninamwandikia mtu anayejua kufungua skrubu na kuwasha Linux kutoka kwenye flashi, hivyo hayo sitayaeleza.

Hatua ya 1: Tambua ni GB ipi inayotajwa

Kiwanda cha diski huhesabu kwa makumi, na GB yake moja ni baiti 1,000,000,000. Windows huzidisha 1,024 mara tatu, na kinachopatikana, yaani baiti 1,073,741,824, nacho hukiita GB. Aliyewahi kununua viazi shambani anaijua lumbesa: huitwa gunia kama gunia lingine, ila lina nundu juu. GB ya Windows ni lumbesa iliyozidi kwa asilimia 7.4, na kwenye TB nundu hiyo hufikia karibu asilimia 10. Ndiyo maana diski ya TB 1 husomeka 931 na mteja akadhani ameibiwa, ilhali baiti zake zote zipo. Zimepakiwa tu katika magunia makubwa zaidi, na idadi ya magunia imepungua.

Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, iliidhinisha majina ya kutenganisha vipimo hivi: kibibaiti, mebibaiti na gibibaiti, zinazoandikwa KiB, MiB na GiB. Programu nyingi za Linux huyatumia. Windows bado huandika GB, na macOS tangu toleo la 10.6 la mwaka 2009 huhesabu kama kiwanda.

Hatua ya 2: Andika baiti kwenye karatasi

Chomeka diski zote mbili, kisha endesha:

sudo fdisk -l

Mstari wa kwanza wa kila diski hutaja ukubwa kwa baiti. Ile ya zamani ilikuwa na 500,107,862,016, na SSD ilikuwa na 480,103,981,056. Baiti haina tafsiri mbili, kwa hiyo hesabu zote zifanyike kwa namba hizi.

Hatua ya 3: Punguza patisheni

Patisheni ni sehemu iliyotengwa ndani ya diski, kama ile ya C yenye Windows. Hapa ndipo nilipopotezea siku. Nilijiambia kwamba nikipunguza data hadi GB 450, SSD ya GB 480 itabakiwa na GB 30 za kupumulia. Lakini 450 niliyoiandika kwenye programu ya kugawa diski ilikuwa lumbesa, yaani baiti 483,183,820,800, na SSD nzima haifiki hapo. Nilinakili kwa zaidi ya saa nne, na karibu na mwisho ukatokea ujumbe kwamba nafasi imekwisha. Zilipungua baiti bilioni 3 na ushei. Ukigawanya baiti za SSD kwa 1,073,741,824 unapata 447.1, na hesabu hiyo ya nusu dakika ingeniokoa.

Mimi sasa huweka kikomo cha GiB 440, yaani MiB 450,560, na sinyooshi hadi ukingoni. Kabla ya kupunguza, nakili mafaili muhimu mahali pengine, kisha zima hali ya kulala ya Windows na ile ya kuwaka haraka. Programu ya Windows ya kusimamia diski haikuulizi ukubwa unaoutaka, bali kiasi cha kuondoa, tena kwa MB ambazo kwa kweli ni MiB. Diski ile ilikuwa na MiB 476,940. Ukitoa 450,560 unapata 26,380, na mimi niliondoa 30,000 ili nisicheze na ukingo. Ikikataa kuondoa kiasi hicho ingawa nafasi tupu ipo, mara nyingi kuna faili lisilohamishika katikati, hasa lile la kumbukumbu pepe, ambalo inabidi lizimwe kwa muda.

Jambo jingine: huenda patisheni ndogo ya kurejesha mfumo imekaa mwisho kabisa wa diski. Ukipunguza C peke yake, hiyo hubaki palepale, nje ya kikomo, na ni lazima ihamishwe kwanza. Usiamini mchoro wenye rangi wa programu ya kugawa diski. Rudia fdisk na usome safu ya sekta za mwisho (sekta ni vipande vidogo ambavyo diski huhesabiwa kwavyo): kwa sekta za baiti 512, kila namba iwe chini ya 922,746,880.

Hatua ya 4: Nakili

Natumia dd, amri ya Linux inayonakili diski baiti kwa baiti, na sina hamu na programu zenye vitufe vikubwa ambazo hazisemi GB yao ni ipi. Linux huzipa diski majina kama sda na sdb; hakikisha sda ndiyo ya zamani na sdb ndiyo mpya. Ukizigeuza, utafuta kazi ya watu.

sudo dd if=/dev/sda of=/dev/sdb bs=1M count=450560 status=progress

Angalia hiyo 1M. Ukiandika 1MB, dd itahesabu kwa makumi, itasimama kwenye baiti 450,560,000,000, na baiti zaidi ya bilioni 21 za mkiani zitaachwa bila onyo lolote.

Jedwali la diski ni orodha ya patisheni zake, na aina zake kuu ni MBR na GPT. Amri hii inafaa diski yenye jedwali la MBR, kama ilivyokuwa ya mwalimu. GPT huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski, hivyo kwa GPT tengeneza jedwali jipya kwenye SSD na unakili patisheni moja moja.

Kuhusu muda, USB 2.0 hutajwa kuwa na kasi ya megabiti 480 kwa sekunde. Hizo ni biti, si baiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya kwa 8 upate megabaiti 60, na kwa uzoefu wangu tarajia kama nusu yake.

Hatua ya 5: Funga SSD na utanue

Washa kompyuta kwa SSD, kisha tanua C ijaze nafasi iliyobaki.

Mwalimu alipoona 447 kwenye kioo aliuliza 33 zimekwenda wapi. Nilimpa karatasi yenye baiti. Akatoa simu, akagawanya mwenyewe, akarudia mara ya pili, ndipo akaichukua kompyuta yake.