Bango la kumuuliza mdhamini

Nachora mabango Majengo, Mombasa: ya maduka, ya harusi, ya maandamano. Mbio za kimataifa zikikaribia huku kwetu, vijana huja: "Ami, tuchorie kitu cha kuwauliza wadhamini." Swali langu ni moja. Mnamuuliza nani? Wakinijibu "makampuni yote", nawarudisha wakafikiri.

Chagueni mdhamini mmoja. Kabla ya Olimpiki ya London 2012, waliokumbuka gesi iliyoua maelfu ya watu Bhopal, India, mwaka 1984 waliikazania Dow, kampuni iliyoinunua Union Carbide, kampuni mama ya kiwanda kilichovujisha gesi ile, miaka mingi baadaye. Udhamini haukuvunjwa, lakini pazia la kuzunguka uwanja ambalo Dow ililigharimia lilikaa bila jina lake. Mdhamini hulipia kuonekana, na hapo ndipo panapomuuma. Basi andikeni swali ambalo mpita njia atalimaliza kwa jicho moja: "Maji ya kiwanda chenu yanaishia wapi?" Matusi msiandike. Nembo yao msiichore, jina kwa herufi za kawaida latosha.

Kitambaa kiwe marekani, ile ya pamba, si plastiki. Plastiki hung'aa juani na kamera haioni kitu. Pimeni herufi kwa mkono: shubiri mbili kwenda juu, na kati ya neno na neno acheni shubiri nzima. Chora kwanza kwa makaa, kisha rangi nyeusi mara mbili, ya kwanza ikikauka kabisa kabla ya pili. Halafu upepo. Siku za kusi bango lisilo na matundu huwa tanga, linawaburuta walioshika fito. Kati ya mistari kata matundu ya mwezi mwandamo, upana wa kiganja, ule ulimi wa kitambaa uachwe ukining'inia. Upepo unapita, maneno yanabaki yamenyooka.

Bango langu la kwanza tulilifunga kwenye ua wa uwanja. Mlinzi akakata kamba kabla mkimbiaji hata mmoja hajapita, na nililia siku ile. Tangu hapo nasema: mikononi, nje ya ua, kando ya barabara.

Katiba yetu, Kifungu cha 37, inakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla: jina na anwani ya mwandalizi, mahali au njia, na saa kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Ni taarifa, si ombi. Ila kama mahali hapo pana mkutano mwingine uliotangulia kutolewa taarifa, mtaambiwa haiwezekani, kwa hiyo msitaje mstari wa kumalizia, ambako mbio zenyewe huenda zimewatangulia. Nakala yenu ipigwe muhuri.

Mwanariadha msimpe bango. Tommie Smith na John Carlos, wakimbiaji wa Marekani, waliinua ngumi tu jukwaani kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, wakafukuzwa kijijini kwa wanamichezo. Uamuzi kama huo ni wake mwenyewe.

Chukueni maji. Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanyika hapa kwenye uwanja wa gofu, joto lilimtoa hata Kenenisa Bekele, bingwa wa Ethiopia, kabla ya kumaliza. Pangeni zamu za kushika fito, na jioni msilikunje bango likiwa na jasho. Lizungusheni kwenye mwanzi, maandishi yakiwa nje.