Kuipa bodi ndogo ya Linux IP kwa DHCP, na isipotee stima ikirudi

Hii ni ya wale wana bodi ndogo yenye BusyBox (programu moja ndogo iliyobeba amri nyingi za Linux), ile bodi ya kupima maji ya tangi ama ya kuendesha kamera ya mlangoni. Ukiiandikia IP kwa mkono nyumbani Langoni, 192.168.1.50 tuseme, halafu ukaipeleka gesti Shela kumbe ruta ya huko iko kwa 192.168.0, bas huioni tena kwa netwaki mpaka uende na leptop yako na kebo ya siriali. Wacha ruta ndo igawe IP, hiyo ndo DHCP.

Chomeka kebo ya LAN, ingia kwa siriali, jaribu kwanza kwa mkono (udhcpc ndo programu ya BusyBox ya kuomba IP, eth0 ni jina la tundu la LAN):

udhcpc -i eth0

Ukiona "lease of" na namba, ruta imejibu. Sasa piga ip addr, na kama IP haiko usilaumu ruta, manake udhcpc kazi yake ni kuongea tu, wa kuipachika IP ni skripti, na mara nyingi inakaa /usr/share/udhcpc/default.script. Ikiwa haiko, kwenye faili za kujengea BusyBox, folda ya examples/udhcp, kuna simple.script, ikopi hapo kwa jina hilo na upige chmod +x, hiyo chmod wengi wanaisahau.

Ikikubali, fungua /etc/network/interfaces:

auto eth0
iface eth0 inet dhcp
    udhcpc_opts -b

Watu wanaishia mstari wa pili na mezani inafanya vizuri tu. Sasa ngoja stima ipotee irudi. Bodi inawaka chapu, ruta bado inajivuta, na ifup ya BusyBox, ile inayosoma hiyo faili na kuwasha netwaki, kwa kawaida inaiita udhcpc na -n, yani ukikosa jibu toka, nayo inauliza mara 3 kila baada ya sekunde 3, so sekunde kama 9 hivi ishatoka zake, ruta ikija kuamka hakuna anayeomba IP. Hiyo -b inaiambia usitoke, kaa kimya huko nyuma, pumzika sekunde 20 uulize tena, mpaka ujibiwe.

Kutesti, zima ruta na bodi zote kwa swichi moja uwashe. Kureboot bodi peke yake hakukuonyeshi kitu, ruta iko macho tayari.

Ukitaka IP ile ile kila siku, ifunge kwenye ruta kwa MAC, ile namba ya kutambulisha tundu la LAN la bodi, unaipata hapa:

cat /sys/class/net/eth0/address

Isome, zima, washa, isome tena. Bodi zingine za bei ya chini hazina MAC ya kudumu, kila zikiwaka zinajitungia mpya, utafunga weeee na haishiki. Ikiwa yako ni hiyo ongeza mstari chini ya udhcpc_opts:

    pre-up ip link set eth0 address 02:00:00:00:00:10

Na kama una bodi mbili ruta moja, ya pili mpe 11 pale mwisho, zikifanana zitagombana.