Kabla ya Msimu wa Homa ya Mafua, Uliza Nani Kazaliwa Mwaka Gani

Wengi hujiandaa kwa homa ya mafua kwa kununua dawa ya kikohozi. Mimi ningeanza na karatasi na kalamu: andika majina ya watu wa nyumbani, na mbele ya kila jina umri na mwaka wa kuzaliwa. Virusi vya influenza, yaani vya homa hii ya mafua, havishambulii rika zote kwa nguvu moja.

Msimu ukitawaliwa na aina ya virusi hivyo iitwayo H3N2, wazee ndio huumia zaidi. Aina nyingine, H1N1 iliyozuka mwaka 2009, ilikuja kinyume: ilizoa watoto na vijana, huku waliopita miaka 60 wakiambukizwa kwa uchache. Siri iko utotoni. Mwili hukumbuka zaidi aina ya kwanza uliyopambana nayo, na wazee wale walikua wakati jamaa za H1N1 ndizo zilizokuwa zikizunguka, kabla ya kung'olewa na H2N2 mwaka 1957. H3N2 ilifuata mwaka 1968. Virusi vya influenza vya kundi B navyo huwaandama sana watoto wa umri wa shule. (Janga la 1918, lililofyeka hata vijana wenye nguvu zao, bado linawakuna vichwa wataalamu.)

Turudi kwenye karatasi. Mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi. Ngao yake ni mama aliyechanjwa akiwa mjamzito, pamoja na wote wanaombeba. Wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza hushauriwa apate dozi mbili, zikipishana angalau wiki nne. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea hesabu: baada ya dozi ya pili kinga huhitaji kama wiki mbili kukomaa, kwa hiyo mpeleke mwezi na nusu kabla ya msimu, si siku darasa zima linapoanza kukohoa. Chanjo ya mwaka jana nayo isikutulize, maana virusi hubadilika na mchanganyiko wa chanjo hupitiwa upya kila msimu.

Kwa mwenye miaka 65 na zaidi, uliza kama kuna chanjo ya dozi kubwa, kwani mwili wa uzeeni huitikia ile ya kawaida kwa uvivu. Tena usimtegemee kipimajoto. Mzee anaweza kuugua influenza bila joto kupanda: unamkuta tu amesukuma sahani pembeni, amevaa shati ndani nje, anakuita kwa jina la ndugu yako. Huyo ni mgonjwa, hata kama paji la uso ni baridi.

Watu wazima wenye afya huvumilia, ila mwenye pumu, kisukari au maradhi ya moyo ahesabiwe pamoja na wazee, na mjamzito vilevile.

Kwenye kabati la dawa, weka parasetamoli na uandike uzito wa kila mtoto, kwani dozi hufuata kilo. Aspirini usimpe mtoto wala kijana mwenye influenza. Inaweza kumletea ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Dawa ya kupambana na virusi vyenyewe, kama oseltamivir, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili za kwanza, kwa hiyo namba ya daktari itafutwe leo.

Mtoto akivuta pumzi na nyama za katikati ya mbavu zikabonyea ndani, au midomo ikageuka rangi, mpeleke hospitali usiku huohuo.